Majaribio ya nyuklia ya Korea Kaskazini na namna watu wanavyoyapokea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila Pyongyang inapolipua, inaporusha au inapotisha. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yenye utata. Pale jibu moja linapogusa jingine, namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Korea Kaskazini imelipua mabomu mangapi ya majaribio?

Sita, yote chini ya ardhi na yote katika eneo la Punggye-ri, wilaya ya Kilju, kaskazini mashariki mwa nchi: tarehe 9 Oktoba 2006, 25 Mei 2009, 12 Februari 2013, 6 Januari 2016, 9 Septemba 2016 na 3 Septemba 2017.

La kwanza lilikuwa dogo, chini ya kilotani moja (nguvu ya tani 1,000 za baruti ya TNT), na wataalamu wengi walisema halikufanya kazi sawasawa. La sita ni habari nyingine kabisa. Mitambo ya Marekani ilisoma mtikisiko wa 6.3, na makadirio mengi ya nguvu yake yako kati ya kilotani 100 na 250, wakati bomu la Hiroshima lilikuwa la takriban kilotani 15. Baada ya hapo yaliyofuata ni makombora.

2. Jaribio la bomu, kurusha kombora na tishio la maneno si kitu kimoja?

Hapana, na kuyachanganya ndiko kunakofanya habari nyingi za "taharuki" zisieleweke.

Jaribio la chini ya ardhi halilizi king'ora popote. Mwananchi wa kawaida hulijua baada ya kutokea: mitambo ya matetemeko inalinasa, halafu saa chache baadaye mtangazaji mkongwe Ri Chun-hee anatokea kwenye televisheni ya taifa kulitangaza. Wanaolihisi kwa miguu yao ni watu wa eneo la majaribio na wa ng'ambo ya mpaka wa China tu (swali la 14).

Kombora ni jambo la dakika. Hapo ndipo simu hulia, ving'ora huwashwa na watu hulazimika kuamua waende wapi. Hofu ya kweli, ile ya kumshika mtoto mkono na kukimbia, karibu kila mara imetokana na kombora, au na taarifa ya kombora ambalo halikuwepo.

Tishio la maneno huwagusa zaidi wanasiasa, wafanyabiashara wa hisa na watu walio mbali. Walio karibu wameshayasikia mengi.

3. Inajulikanaje kwamba ni mlipuko na si tetemeko la asili?

Kwa umbo la mawimbi. Mlipuko husukuma ardhi kwenda pande zote kwa mara moja, kwa hiyo wimbi la kwanza la mgandamizo huja kali na mawimbi ya kukata huwa hafifu. Tetemeko la asili hutokana na miamba kuteleza, na uwiano wake ni tofauti. Kina nacho hutoa siri: mlipuko huwa karibu sana na uso wa ardhi.

Uthibitisho wa mwisho ni gesi. Zenoni-133, gesi ya mionzi inayotokana na mlipuko wa nyuklia, ikivuja kwenye nyufa na kunaswa, hakuna ubishi tena. Mwaka 2017 Korea Kusini ilitangaza kuipata siku chache tu baada ya jaribio. Mwaka 2013 dalili za gesi hiyo zilinaswa Takasaki, Japani, mwezi Aprili, karibu miezi miwili baadaye. Kutoipata hakumaanishi hakukuwa na mlipuko. Handaki lililozibwa vizuri huibana.

4. Kila tetemeko dogo la Kilju ni jaribio jipya?

La. Dakika nane na nusu hivi baada ya mlipuko wa 3 Septemba 2017 ulifuata mtikisiko wa pili wa 4.1, ambao wataalamu wengi waliusoma kuwa ni kuporomoka kwa miamba ndani ya Mantap, mlima wa majaribio. Mitikisiko midogo iliendelea kwa muda mrefu baadaye, na kila mmoja ulizaa uvumi. Kabla ya kusambaza habari ya "bomu la saba", angalia kama mashirika ya matetemeko yameandika kuwa ni la asili.

## Korea Kusini

5. Kwa nini watu wa Seoul huonekana kama hawajali?

Kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Seoul iko kilomita 50 hivi kutoka mpakani, na mizinga ya Kaskazini imeielekea kwa miongo mingi kabla hata ya bomu la kwanza. Kwa mtu aliyezaliwa chini ya mizinga hiyo, bomu la nyuklia linaongeza ukubwa wa hatari, lakini halibadilishi ukweli kwamba kesho asubuhi ana kazi.

Wakorea wenyewe wana neno la kulaumu hali hii, *anjeon bulgamjeung*, yaani ganzi ya kutohisi hatari. Tunadhani lawama hiyo imetiwa chumvi. Utulivu huu una hesabu ndani yake: watu wamejifunza kutofautisha maneno na vitendo. Mizinga ilipopiga kisiwa cha Yeonpyeong tarehe 23 Novemba 2010 na kuua watu wanne, wawili wanamaji na wawili raia, wakazi walipanda meli na kuondoka kisiwani, na nchi nzima ilishtuka.

6. Hawajawahi kupaparika kwa tishio tu?

Wamewahi, mwaka 1994. Mwezi Machi mjumbe wa Kaskazini, Park Yong-su, alisema kwenye mazungumzo ya mpakani kwamba Seoul ingegeuka bahari ya moto, na maneno hayo yakaonyeshwa kwenye televisheni. Kufikia Juni watu walikuwa wakinunua mchele na tambi za pakiti kwa wingi na soko la hisa likashuka. Safari ya rais mstaafu wa Marekani Jimmy Carter kwenda Pyongyang mwezi huohuo ndiyo iliyoshusha joto.

Kauli ya "bahari ya moto" imerudiwa mara nyingi tangu hapo, na kila ikirudiwa imepungua makali.

7. Soko la hisa huanguka?

Hutikisika, halafu husimama. Siku ya jaribio la kwanza, 9 Oktoba 2006, hisa za Seoul zilishuka kwa zaidi ya asilimia 2. Baada ya jaribio la sita, ambalo lilikuwa kubwa mara nyingi zaidi, zilishuka kwa asilimia 1.2 hivi. Wawekezaji nao huzoea.

8. King'ora kikilia Seoul, watu wanatakiwa kwenda wapi?

Kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi, maegesho ya magari yaliyo chini ya majengo na vyumba vya chini vilivyoandikishwa kuwa makimbilio. Seoul peke yake ina zaidi ya 3,000, na programu ya serikali ya simu huonyesha lililo karibu. Sauti zenyewe ni mbili: mlio mmoja ulionyooka wa dakika moja ni tahadhari, na mlio wa kupanda na kushuka ni shambulio la anga.

Tatizo ni kwamba sehemu nyingi kati ya hizo zilikusudiwa kukinga mizinga na mabomu ya kawaida. Hazina machujio ya hewa wala akiba ya kukaa siku kadhaa. Na mazoezi ya taifa zima ya ulinzi wa raia yalikaa miaka sita bila kufanyika, hadi Agosti 2023, kwa hiyo wapo watu wazima wanaopita kila siku mbele ya kibao cha kimbilio bila kujua kinamaanisha nini.

9. Nini hasa kilienda mrama Seoul tarehe 31 Mei 2023?

Siku hiyo Kaskazini ilirusha roketi ya setilaiti kuelekea kusini, ikaanguka baharini. Saa 12:32 asubuhi ving'ora vya Seoul vikalia. Saa 12:41 simu zikapiga kelele: tahadhari imetolewa, jiandaeni kuhama, watoto na wazee watangulie. Ujumbe haukusema ni kwa sababu gani wala watu waende wapi. Walioamshwa nao walikimbilia intaneti kutafuta jibu, na tovuti kubwa ya utafutaji ya nchi ikaelemewa kwa muda. Saa 1:03 wizara ya mambo ya ndani ikatuma ujumbe mwingine: tahadhari ya Seoul ilitolewa kimakosa.

Chanzo kilikuwa sentensi moja. Wizara ilikuwa imetoa tahadhari halali kwa kisiwa cha Baengnyeong, karibu na njia ya roketi, ikaziambia sehemu ambazo hazijapokea king'ora zijiwashie zenyewe. Ilikusudia vijiji vya kisiwani. Seoul ikadhani inaambiwa yenyewe. Meya Oh Se-hoon aliomba radhi kwa mkanganyiko, huku akisema ni heri kuzidisha kuliko kupungukiwa.

Ukitaka kujua kwa nini watu waliozoea vitisho kwa miaka 70 walipaparika asubuhi hiyo, usitafute kwenye roketi. Soma ujumbe wenyewe: ulisema "kimbieni" ukaishia hapo.

10. Ni kweli Wakorea Kusini wengi wanataka bomu lao wenyewe?

Kura za maoni zinasema hivyo. Baada ya jaribio la sita, Gallup Korea ilipata asilimia 60 wanaounga mkono. Uchunguzi wa Chicago Council uliotolewa Februari 2022 ulipata asilimia 71. Kinachowasukuma si hofu ya Kaskazini pekee. Swali linaloulizwa mezani ni kama Marekani itakubali kuhatarisha mji wake ili kuiokoa Seoul. Lakini swali la kura likitaja gharama, kama vikwazo au kuondoka kwa askari wa Marekani, uungaji mkono hupungua. Takwimu moja bila maneno ya swali lililoulizwa haina uzito mkubwa.

11. Mbona basi walipinga mtambo wa kutungua makombora?

Kwa sababu kujikinga nako huwa na jirani. Julai 2016 serikali ilipotangaza kwamba mtambo wa THAAD utawekwa Seongju, wilaya ya wakulima wa matikiti madogo ya manjano, wakazi walihofia mionzi ya rada na kugeuzwa shabaha ya kwanza. Waziri mkuu Hwang Kyo-ahn alipokwenda kuwaeleza alirushiwa mayai na chupa za maji. Tarehe 15 Agosti mwaka huo wakazi 908 walinyolewa vichwa hadharani kwa kupinga. Hawakuwa wapenzi wa Kaskazini. Hasira yao ilikuwa kwamba uamuzi ulishafanywa ndipo wakaulizwa.

## Japani

12. J-Alert ni nini, na kwa nini watu huilalamikia?

Ni mfumo wa serikali unaotuma onyo kupitia setilaiti hadi kwenye vipaza sauti vya mitaani, televisheni na simu kwa wakati mmoja. Tarehe 29 Agosti 2017 kombora la Hwasong-12 lilirushwa saa 11:58 alfajiri. Onyo likatoka saa 12:02. Dakika chache baadaye kombora likapita juu ya Hokkaido, kilomita zaidi ya 500 angani, na kuanguka Pasifiki.

Malalamiko ni ya aina tatu. La kwanza ni muda: dakika nne hazimtoshi mvuvi aliye ndani ya mashua. La pili ni maneno. Onyo la Agosti lilisema mkimbilie "jengo imara au chini ya ardhi", na watu wa vijijini wenye nyumba za mbao wakauliza jengo imara liko wapi. Septemba, kombora la pili lilipopita, neno "imara" lilikuwa limeondolewa. La tatu ni usahihi. Oktoba 2022 onyo lilivifikia kimakosa visiwa vya Tokyo visivyohusika, na tarehe 3 Novemba 2022 mikoa ya Miyagi, Yamagata na Niigata iliambiwa kombora limepita juu yao, kumbe lilitoweka kwenye Bahari ya Japani. Aprili 2023 Hokkaido ikaonywa, onyo likafutwa.

Onyo la uongo lina gharama isiyoonekana: la kweli linapokuja, mtu anageuka upande wa pili wa kitanda.

13. Wahanga wa Hiroshima na Nagasaki hufanya nini?

Huketi. Baada ya kila jaribio, manusura wa 1945 na wafuasi wao hukaa kimya mbele ya mnara wa kumbukumbu, na meya hutuma barua ya kupinga. Katika jumba la makumbusho la Hiroshima kuna saa inayohesabu siku tangu bomu la 1945 na, chini yake, siku tangu jaribio la mwisho la nyuklia duniani. Jaribio likifanyika, hesabu ya chini inarudishwa sifuri. Saa hiyo haibagui: imerudishwa pia kwa majaribio ya Marekani yasiyofikia mlipuko kamili.

Upande wa pili wa picha hausemwi sana. Wakorea waishio Japani, hasa wanafunzi wa shule zenye uhusiano na Pyongyang, hulipia makosa wasiyoyafanya. Mivutano ya miaka ya 1990 iliambatana na visa vya wasichana kukatwa sare zao za kitamaduni kwa nyembe ndani ya treni, na shule nyingi zikawaruhusu kuvaa sare za kawaida njiani.

## China na Korea Kaskazini yenyewe

14. Nani huhisi mlipuko?

Wakazi wa Yanji na miji jirani mkoani Jilin, upande wa China. Januari 2016 wanafunzi walitolewa madarasani na uwanja wa shule moja ukapasuka. Septemba 2017 watu walikimbia nje ya majengo wengine wakiwa na nguo za ndani. Wao hawaulizi kuhusu vita. Wanauliza kuhusu maji na hewa. Serikali huanza kupima mionzi mpakani siku hiyohiyo, lakini imani haikuja haraka, na gazeti la mkoa, Jilin Ribao, lilipochapisha tarehe 6 Desemba 2017 ukurasa mzima wenye vikatuni vya namna ya kujikinga na shambulio la nyuklia, wasomaji walijiuliza serikali inajua nini ambacho wao hawakijui.

15. Umati unaoshangilia Pyongyang ni wa kweli?

Umati ni wa kweli, hisia hazipimiki. Mikutano ya uwanja wa Kim Il Sung hupangwa kwa vikundi vya kazi na shule, na kutokwenda si hiari. Septemba 2017 wanasayansi wa bomu walipitishwa barabarani kwa mabasi, watu wakiwapungia. Wapo wanaojivunia kwa dhati, na waliotoroka nchi wamesema hivyo. Wapo wanaohesabu gharama kimoyomoyo. Picha haiwezi kukutenganishia hao wawili.

Kuhusu watu wa Kilju: mwaka 2023 Wizara ya Muungano ya Korea Kusini, inayoshughulikia uhusiano na Kaskazini, ilipima watu 80 waliotoroka kutoka eneo hilo, na 17 walikuwa na kasoro za kromosomu. Wizara haikuweza kusema kwamba chanzo ni majaribio, kwani umri, sigara na picha za eksirei huleta kasoro kama hizo. Ukiona kichwa cha habari kinachosema "imethibitishwa", kimevuka ushahidi.

## Guam na Hawaii

16. Guam, kisiwa cha Marekani kwenye Pasifiki, iliambiwa nini Agosti 2017?

Rais Trump alipotishia "moto na ghadhabu", Pyongyang ilijibu kwa tarakimu: makombora manne, kilomita 3,356.7, sekunde 1,065, kuanguka kilomita 30 hadi 40 kutoka kisiwani, yakipita juu ya Shimane, Hiroshima na Kochi. Japani ikahamishia mitambo ya kutungua kwenye mikoa hiyo na Ehime.

Ofisi ya usalama ya Guam ikatoa karatasi ya maelekezo: usiutazame mwanga, lala chini, osha nywele kwa sabuni bila losheni ya kulainisha. Wengine walicheka hilo la losheni, lakini ni ushauri sahihi (swali la 18). Na kama kawaida, hitilafu ilikuja kutoka nyumbani: tarehe 15 Agosti redio mbili zikarusha onyo la dharura kimakosa.

17. Hawaii je?

Tarehe 13 Januari 2018, saa 2:07 asubuhi, simu zilionyesha kwamba kombora linakuja, jifiche, hili si zoezi. Masahihisho yalifika kwenye simu saa 2:45. Dakika 38. Wapo walioingiza watoto kwenye mashimo ya maji ya mvua.

Mfanyakazi mmoja wa ofisi ya dharura ya jimbo, wakati wa zoezi la kubadilishana zamu, aliamini ni kweli na kutuma onyo, kwa sababu kanda ya zoezi ilikuwa na maneno "hili si zoezi". Mfumo ulimruhusu mtu mmoja kutuma. Ujumbe wa kufuta haukuwa umeandaliwa, ikabidi utungwe papo hapo. Gavana David Ige alisema baadaye kwamba alichelewa pia kuwajulisha watu kwa kutokumbuka nywila ya akaunti yake ya Twitter. Baadaye ikawekwa kanuni ya watu wawili na ujumbe wa kufuta ulio tayari.

## Kujikinga, na maswali yenye utata

18. Nikipata onyo la kombora la nyuklia nifanye nini?

Ingia ndani mara moja. Kuta nene kati yako na nje, mbali na madirisha. Chini ya ardhi ni bora, katikati ya jengo kubwa ni pazuri. Ukiwa nje na mwanga ukamulika, lala kifudifudi, funika kichwa, usiutazame.

Vumbi la mionzi huanza kuanguka dakika kadhaa baadaye kwa walio karibu. Ukiwa umeguswa nalo, vua nguo za juu, zitie kwenye mfuko wa plastiki na uziweke mbali. Hilo pekee huweza kuondoa hadi asilimia 90 ya uchafu. Oga kwa sabuni bila kusugua hadi kuchubuka. Losheni ya nywele hugandisha chembe kwenye nywele.

Kaa ndani angalau saa 24. Hesabu ni hii: kila muda ukizidi mara saba, ukali hushuka hadi sehemu ya kumi. Kiwango cha saa ya kwanza kikiwa 100, baada ya saa 7 ni 10, baada ya saa 49 ni 1. Akiba ya maji ni lita 4 hivi kwa mtu kwa siku.

19. Ninunue vidonge vya iodini?

Watu hukimbilia dawa hii kila mivutano ikipanda. Januari 2018, Trump alipojigamba kuwa kitufe chake cha nyuklia ni kikubwa zaidi, iliadimika kwa wauzaji wa mtandaoni Marekani. Hukinga tezi ya shingo dhidi ya iodini yenye mionzi, basi. Haizuii mionzi mingine wala vumbi. Kipimo cha mtu mzima ni miligramu 130 kwa siku, karibu na wakati wa kuathirika, kwa agizo la mamlaka. Walio juu ya miaka 40 hawanufaiki sana. Watoto na wajawazito ndio wa kwanza. Usimeze kwa sababu ya jaribio la chini ya ardhi lililofanyika nchi nyingine.

20. Onyo limetoka, dakika kumi zimepita, hakuna kitu. Naweza kutoka?

Inategemea uko wapi. Kombora kutoka Kaskazini hufika Japani kwa takriban dakika kumi, Guam kwa karibu dakika 18, Hawaii kwa dakika 20 hivi. Tena likirushwa wima hukaa sana angani: Hwasong-15 ya tarehe 29 Novemba 2017 ilipanda kilomita 4,475 na kuruka dakika 53. Kwa hiyo saa yako ya mkononi si kipimo. Subiri tangazo la kufuta, kwenye redio zaidi ya simu, maana mitandao huelemewa kama ilivyokuwa Seoul (swali la 9). Tangazo lisipokuja na redio zikawa zinaendelea na muziki, tafuta chanzo cha pili ukiwa bado ndani.